Miwani Haitoki Kijiweni

Ukishuka soko la Ikutha siku ya Ijumaa, pita mahali mbuzi hufungwa, nenda mpaka ukuta wa duka la dawa za mifugo la Maalim, na hapo utaikuta serikali ya pili ikiwa kikaoni. Ina benchi moja la mbao, lililotupwa na kanisa siku walipoletewa viti vya plastiki. Ina birika la kahawa ya tangawizi, mali ya Maalim, ambaye alitoka Garissa kuja kununua mbuzi, akakuta Wakamba wanakunywa chai asubuhi, mchana na jioni, akawaonea huruma. Ukutani kuna maandishi ya rangi nyekundu, KAHAWA IKO, na kando yake msumari, na kwenye msumari huning'inia miwani ya kusomea. Maandishi ni ya marehemu Mwalimu Ngumbau. Hilo huambiwi, unaliona mwenyewe, maana K ya Mwalimu haikuwa K ya watu wengine: mguu wake wa chini ulirushwa nje, kama mbuzi anayekataa kukamuliwa. Miwani nayo ilikuwa yake, na sasa kijiwe kizima husomea hiyo hiyo.

Ijumaa hiyo Kitonga alichelewa makusudi. Jana yake alikuwa Nairobi na wazee wa kanisa, kwenye jumba la makumbusho linaloonyesha karatasi za mwanzo za nchi, zile zilizoandikwa siku za Uhuru. Kijiwe chote kilimtegemea yeye. Mbithi aligombana na kanisa kwa sababu ya ngoma, Ndolo huenda kanisani Krismasi peke yake, na Maalim ana msikiti wake. Basi Kitonga akapewa cheo cha Balozi, akapewa na kazi moja.

Kazi yenyewe ilitoka kwa Mbula, mjane wa Mwalimu. Katika ujana wake Mwalimu alikuwa karani huko Nairobi, na maisha yake yote alisimulia kwamba jioni moja mashine ya kupiga chapa iliharibika, wakubwa wakaingiwa na wasiwasi, yeye akapewa kalamu aandike ukurasa mmoja kwa mkono. Ikutha ilimcheka. Walimwita Karani wa Uhuru, akazeeka na jina hilo, akafa nalo. Sasa mwaka huu binti wa mchungaji alirudi kutoka ziara ya shule akasema kwamba kweli, kuna ukurasa mmoja ndani ya kioo ulioandikwa kwa mkono. Mbula aliposikia hakulala. Kesho Jumamosi fundi angekuja kuweka simiti kwenye kaburi, na alikuwa ameuliza, mama, niandike nini?

– Kitonga, mwanangu, alikuwa amemwambia. Wewe alikufundisha. Usiangalie kitu kingine. Angalia K. Kama inapiga teke, ni yeye, na nitaandika kwa kaburi lake kwamba ni yeye.

Kitonga alikwenda. Alisimama mbele ya kile kioo kwa heshima zote, akainama, akaona weupe. Weupe kama uji. Alirudi nyuma, akaona weupe. Alisogea mbele mpaka pua ikagusa kioo, askari akakohoa. Simu zilikuwa zimeachwa mlangoni. Angeweza kumwomba mchungaji amsomee, lakini mchungaji hakufundishwa na Mwalimu, na K ile haisomwi kwa niaba. Isitoshe, angelazimika kusema miwani iko wapi. Miwani ilikuwa Ikutha, kwenye msumari, kwa sababu kijiwe kina sheria moja tu: miwani haitoki kijiweni. Na sheria hiyo aliitunga Kitonga mwenyewe, baada ya Ndolo kwenda nayo kwenye mahari kule Kanyangi na kuirudisha ikiwa na mkono mmoja, mwingine ukiwa waya.

Sasa alikuwa anakaribia benchi, na kitu cha kwanza alichokiona ni ile miwani ikiyumba kwenye upepo, juu kidogo ya kichwa cha Mbithi, mbele ya macho ya ulimwengu mzima. Akavua kofia, akaitundika papo hapo juu yake, akajibana kando ya Mbithi chini ya msumari.

– Balozi amerudi! alisema Ndolo. Huyu alikuwa fundi wa redio, na kwa kuwa siku hizi redio haziharibiki, alikuwa amechukua kazi yao. Wakamwita Redio.

– Nimerudi.

– Umeona?

– Nimefika.

– Sikuuliza kufika. Hata lori la mchanga hufika.

– Nimeona, alisema Kitonga.

Ulikuwa uongo mdogo, wala haukumshtua mtu. Maalim alimmiminia kahawa.

– Leta ripoti, alisema Mbithi. Iko ndani ya nini?

Mbithi aliitwa Wakili kwa sababu kesi yake ya shamba imekaa kortini muda mrefu kuliko mahakimu walioisikiliza. Alikuwa amevaa koti, kwa heshima ya ripoti.

– Kioo, alisema Kitonga.

– Kioo cha dirisha ama kioo cha benki?

– Cha benki.

– Nilijua. Na taa?

– Taa ilikuwa kidogo. Giza giza hivi.

– Hapo sasa, alisema Ndolo. Wino wa zamani unaogopa mwangaza. Ukiiwashia taa kubwa inatoroka.

– Inatoroka inaenda wapi? aliuliza Maalim.

– Upande wa nyuma wa karatasi.

– Si wino, Redio, alisema Mbithi. Taa ni kidogo ndio usisome. Mimi nakwambia, karatasi ya serikali haipendi kusomwa. Na wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hao watu hawakuziba, kwa sababu ukuta ndio walikuwa wanataka.

– Hiyo methali inasema hivyo?

– Kortini inasema hivyo.

Maalim alifikiri. Alikuwa mtu wa maneno machache na jina lake kijiweni lilikuwa Bei ya Mwisho.

– Sisi kwa ngamia, alisema, mtu akikuonyesha ngamia gizani, huyo ngamia ako na jicho moja.

– Kwa hivyo hiyo karatasi iko na jicho moja?

– Mimi nimesema ngamia.

Kitonga alikunywa kahawa yake polepole. Aliona kwamba hawakuwa na haja naye sana. Ulikuwa ukiwapa neno moja wanajenga nyumba, na yeye alikuwa na maneno machache ya kweli, akaamua kuyatoa moja moja, yakae mpaka jioni, Mbula apate mgeni, asahau kuja. Alijua Mbula hatasahau.

– Kulikuwa na baridi, alisema. Na kwa kuwa hili lilikuwa kweli, alilisema kwa sauti kubwa. Baridi ya ajabu! Kama buchari. Mzee mmoja wa kwetu alitoka nje akaota jua.

– Baridi ya mashine, alisema Ndolo.

– Ya mashine.

– Unaona? Wameiweka kwa friji. Isiharibike.

– Karatasi inaharibika?

– Maneno ndio inaharibika. Karatasi haina shida.

– Kweli, alisema Maalim. Maziwa na ahadi, ukiacha kwa joto, kesho ni kitu ingine.

Mbithi aliinua kidole, ishara kwamba upande wa mashtaka unaendelea.

– Hiyo sanduku ya kioo, Balozi, ilikuwa na kufuli?

– Ilikuwa nayo.

– Ilifungwa lini?

– Zamani. Sijui. Wakati waliiweka.

– Na hakuna tundu?

– Sikuona tundu, alisema Kitonga, na hili nalo lilikuwa kweli kabisa.

Ndolo alisimama, akakaa tena. Alikuwa amefikiwa na jambo.

– Ngojeni. Ngojeni kidogo. Kama ilifungwa zamani na haina tundu, hewa iko ndani ni ya lini?

Ndolo akajijibu mwenyewe.

– Ni hewa ya Uhuru! Si hewa hii. Ile yenyewe! Ile watu walikuwa wanapumua hiyo siku!

– Imekaa humo? aliuliza Maalim.

– Itoke na wapi?

– Na siku wakifungua?

– Itatoka. Itasambaa. Nairobi kwanza, halafu Machakos, halafu itateremka huku.

– Mpaka Ikutha?

– Ikutha itachelewa. Ikutha ni kawaida.

– Mbumbuni watapata mbele yetu, alisema Mbithi kwa uchungu. Hao wa Makueni hata mvua hutangulia kwao.

– Haidhuru. Itafika. Mtu akiivuta, atakumbuka.

– Atakumbuka nini?

– Yale mambo tuliambiwa tutafanyiwa.

Mbuzi mmoja alilia kule sokoni, na mwenye mbuzi akamwambia anyamaze.

– Ndio maana kuna askari, alisema Mbithi. Nilijua. Balozi, huyo askari alikuwa anaangalia watu ama karatasi?

Kitonga alikumbuka vizuri.

– Alikuwa anaangalia viatu yangu.

– Aha. Anapima kama unaweza kukimbia. Huyo askari hazuii mtu asiingie. Anazuia karatasi isitoke. Kwa sababu hiyo karatasi ikitoka, ikitembea tu, ikapita kwa chifu, ikapita kwa ofisi ya ardhi, ikasema, mimi ndio ile mlisema mnafuata! Nani atalala?

– Karatasi itatembea na nini?

– Wewe Redio umesema wino inatoroka, na mimi nikanyamaza.

Ndolo alikubali kwamba hiyo ilikuwa haki. Maalim alizungusha birika tena, na Kitonga akasikia kwa sauti ya kumimina kwamba limefika nusu. Mbithi, sasa akiwa amechangamka, alichukua gazeti la jana lililokuwa limekaliwa, akalikung'uta, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, kama mtu anavyonyoosha mkono kwenye swichi ya nyumba yake. Mkono ukakuta kofia.

– Kofia ya nani hii?

– Yangu, alisema Kitonga. Iache hapo. Inakauka.

– Inakauka nini na hakujanyesha?

– Jasho. Ya safari.

Mbithi aliuondoa mkono. Kitonga akapumua.

– Si lazima, alisema Mbithi. Nilikuwa nataka kuwasomea pale kwa mnada, lakini jana nilisoma yote. Balozi, jana ulikosa. Niliwasomea gazeti nzima hapa, kuanzia matangazo ya vifo mpaka bei ya ng'ombe. Halafu nikafika katikati, nikasimama, nikatoa miwani hivi, nikawaambia, ndugu zangu, saa hii Balozi wetu yuko mbele ya hiyo karatasi, anaisoma.

– Alisema hivyo, alithibitisha Ndolo. Nilisikia mwili ukisisimka.

– Na mimi nikachukua miwani, nikaweka uzi kwa sindano, alisema Maalim. Nikasema, inshallah anaona vizuri.

Kitonga aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyekuwa amesikia alichokisema. Watu watatu, wote na akili timamu, mmoja akiwa ameshitaki na kushitakiwa, walikuwa wamesema jambo zima waziwazi, wakalipita kama jiwe la njiani. Hapo Kitonga aliona aibu zaidi, maana ni rahisi kumdanganya mtu anayekushuku, lakini hawa walikuwa wanamwamini.

– Sasa tuingie kwa kesi yenyewe, alisema Mbithi, na sauti yake ilikuwa imepungua. K.

Wote wakatazama ukuta, K nyekundu, na mguu wake hewani.

Kitonga alijua kwamba kwa Mbithi jambo hili halikuwa mchezo. Siku ya mazishi ya Mwalimu, Mbithi alipewa nafasi ya kusema maneno mawili. Alisema, leo tunamzika mtu aliyeandika Uhuru, lakini kopi yetu bado hatujaletewa. Watu walicheka. Walicheka sana, mpaka wapishi kule nyuma wakauliza kumetokea nini. Mbula alikuwa amekaa mstari wa mbele na kitambaa cheusi kichwani, akawaangalia watu wanavyocheka mbele ya jeneza. Tangu siku hiyo Mbithi humsalimia kwa mbali.

– Inapiga teke? aliuliza Ndolo.

– Nitamwambia mama mwenyewe, alisema Kitonga. Yeye ndiye alinituma.

– Hiyo ni sawa, alisema Mbithi haraka. Hiyo ni procedure. Mwenye kesi asikie kwanza.

– Lakini sura yako, Balozi, alisema Ndolo. Sura yako ni ya mtu ameona kitu kikubwa.

– Mwenye macho haambiwi tazama, alisema Mbithi.

Kitonga aliona kwamba hiyo ndiyo methali pekee iliyokaa mahali pake siku hiyo, na ilikuwa imemkalia yeye.

Mbula alitokea upande wa wauza nafaka, kiondo mgongoni, mkanda wake kwenye paji la uso, akitembea kama watu wanavyotembea wakiwa hawataki kuonyesha haraka. Mbithi alisimama kumpisha benchi. Maalim alipangusa kikombe kwa shati lake, akainamisha birika mpaka likasimama kwa mdomo, likatoa kikombe kimoja kasoro kidogo.

– Hii ndiyo ya mwisho, mama. Ni yako.

– Asante, Maalim. Watoto wazima?

– Wazima, alhamdulillahi.

Alikunywa kidogo. Akaweka kikombe chini, akaweka mikono juu ya magoti.

– Fundi amekuja kuangalia mahali. Anasema kesho asubuhi na mapema anachanganya. Anataka maneno. Kitonga, ulifika?

– Nilifika, mwaitu, alisema Kitonga, akimwita mama kwa Kikamba.

– Ukaiona?

Njia nzima kutoka Nairobi Kitonga alikuwa ametayarisha majibu mawili. La kwanza lilikuwa la kweli, na lilikuwa gumu. La pili alilitayarisha kwa huruma tu, ili awe nalo. Sasa alimtazama mama huyu, mikono yake iliyokauka, macho yake yaliyokuwa yanamsubiri, na jibu la pili likamtoka lenyewe.

– Inapiga teke, mwaitu. Mguu juu kabisa.

– Uui! alisema Ndolo, akapiga makofi.

– Alhamdulillahi, alisema Maalim.

Mbithi alisema, nilijua, lakini hakuna aliyeisikia, kwa sababu aliisema akitazama chini.

Mbula alichukua pembe ya leso yake akajifunika mdomo, na mabega yakaanza kutikisika, na mwanzoni hawakujua kama analia au anacheka. Alikuwa analia.

– Hata mimi nilimcheka, alisema. Nyinyi mlimcheka hapa barabarani, mimi nilimcheka nyumbani. Alikuwa akianza hiyo hadithi yake, namwambia, baba, kula muthokoi inapoa. Hakuna siku hata moja nilimwambia nakuamini. Na ilikuwa kweli. Yote ilikuwa kweli!

Alipangusa macho. Akacheka kidogo, kwa furaha, akaonekana mdogo. Kitonga alitamani ardhi ya Ikutha, ambayo hupasuka kwa kiangazi bila kuombwa, ipasuke sasa hivi.

– Na wakati uliisoma, alisema Mbula, akimgusa mkono, ulikuwa umevaa miwani yake?

Lilikuwa swali dogo. Aliliuliza kwa upendo tu. Alikuwa anataka kuiona ile picha moyoni: mwandiko wa mume wake ukisomwa kupitia miwani ya mume wake. Hakuna jibu rahisi kuliko ndiyo.

Ndolo alifungua mdomo kumsaidia Balozi kujibu, akaufunga. Maalim alitazama sindano iliyochomekwa kwenye kola ya shati lake, ikiwa na uzi. Mbithi alitazama gazeti la jana mkononi mwake. Kisha, taratibu, kama watu waliopigiwa kengele moja, wote watatu waligeuza vichwa wakatazama kofia.

Birika lilikuwa limeisha. Hapakuwa na kitu cha kumimina.

Kitonga alisimama. Akaiondoa kofia kwenye msumari, na miwani ikayumba, upande mmoja mkono, upande mwingine waya.

– Haitoki kijiweni, mwaitu, alisema. Ni sheria.

– Sheria ya nani?

– Yangu.

– Kwa hivyo hukuiona.

– Niliona kioo. Niliona kufuli. Niliona mguu wa askari. Karatasi niliona weupe. K sikuiona. Nimekudanganya, mwaitu, na nilikuwa naona ninakusaidia. Naona aibu.

Leso ya Mbula ilikuwa bado mkononi, imelowa.

– Kesho fundi angeandika uongo juu ya mume wangu, alisema. Mimi ndiye ningemwambia aandike. Na simiti ikishika, Kitonga, haina kufuta. Watu walisema ni mwongo wakati hakuna mtu anajua. Sasa tungeenda kumfanya mwongo sisi wenyewe, kwa kaburi lake.

– Mama, alianza Mbithi, kwa upande wa sheria, Balozi alikuwa katika...

– Mbithi, wewe nyamaza. Wewe uliongea kwa mazishi, ikatosha.

Mbithi aliketi kwenye jiwe.

Mbula aliinua kikombe, akakuta hakina kitu, akakirudisha. Alikuwa anafikiri, na wanaume wanne walimsubiri afikirie, jambo ambalo kijiwe hicho hakijawahi kumfanyia mtu.

– Fundi ataandika jina, alisema mwishowe. Ngumbau, mwalimu. Chini yake ataacha mstari moja haina kitu. Nafasi ya maneno.

– Ya maneno gani? aliuliza Ndolo.

– Si ndio hatujui?

Akasimama, akanyoosha mkono, akaitoa miwani kwenye msumari. Akaipangusa kwa leso ile ile iliyolowa machozi, kioo kimoja, kisha kingine.

– Siku niliwapa hii, nilisema nini?

– Tusomee, alisema Maalim.

– Nilisema msomee. Sikusema muitundike. Kitonga, kanisa gani lingine linaenda huko?

– Wa Kanyangi wanaenda mwezi ujao.

– Utaenda na wa Kanyangi.

– Mimi si wa Kanyangi, mwaitu.

– Utakuwa.

Akaitia miwani kwenye mfuko wa shati la Kitonga, akaupigapiga mfuko, kama anavyofanyiwa mtoto anayetumwa dukani, kisha akakaa tena.

– Kuna shida moja, alisema Mbithi kutoka kwenye jiwe, kwa sauti ndogo. Sheria haiwezi badilishwa bila kikao.

– Na hapa tumefanya nini? alisema Ndolo. Si tumekaa?

– Basi lazima ipigiwe kura. Nani anasema miwani itoke?

Ndolo aliinua mkono. Maalim aliinua mkono wenye birika. Kitonga aliinua wake, akiona aibu kuinua. Mbithi alitazama gazeti lake. Mwezi mzima hangesoma mnada, hangesoma vifo, angekaa hapa kama watu wengine, akisikiliza Ndolo. Akalikunja mara mbili, akaliweka chini ya jiwe lisipeperuke, akainua mkono.

– Imepita, alisema. Na mimi naenda na yeye.

– Wewe? Na kanisa?

– Nitaimba nao, mambo ya ngoma niyaache. Nikifika nikute hiyo K inapiga teke, nitarudi nisimame hapa sokoni siku ya mnada, niseme mbele ya watu. Kwa sababu ile ingine pia nilisema mbele ya watu.

Mbula alimtazama. Alisogea kidogo kwenye benchi, na nafasi ikawepo. Mbithi alitoka kwenye jiwe akaja akakaa.

Maalim alianza kusuuza vikombe. Kitonga alitoa miwani mfukoni, aone kama bado inamfaa. Waya ulimchoma nyuma ya sikio kama kawaida. Aliusogelea ukuta, hatua moja, nyingine, mpaka rangi nyekundu ikaacha kuwa moshi, na kando zake zikasimama, na akaona hata mahali ambapo brashi ya Mwalimu ilikwama kwenye jiwe na kuruka.

– Inapiga? aliuliza Mbula, nyuma yake.

– Inapiga, mwaitu, alisema Kitonga, na safari hii alikuwa anaiona.